Naomba msaada: karatasi za kusafirisha kifaa chenye mionzi kwa ndege, muda umebana

Mpima Udongo: Wakuu, niende moja kwa moja kwenye mada. Nina kifaa cha kupima mshindilio wa udongo, kile chenye chanzo cha mionzi ndani. Kinatakiwa kwenda nje ya nchi kwa fundi wa kiwanda, ndege ni Ijumaa. Wakala amenirudishia tamko la mtumaji wa bidhaa hatari, nakala zote mbili, anasema "halijakaa sawa". Wapi, hasemi. Nimejaza UN 3332 (namba ya aina ya mzigo), boksi la Aina A, lebo ya Njano II (daraja la kati la mionzi), fahirisi ya usafirishaji, yaani namba ya mionzi inayotoka nje ya boksi, 0.3. Nimekosea wapi? Natanguliza shukrani.

Nanga Nzito: Nimekaa paleee nawasubiri wataalamu.

Mama Kontena: Mdogo wangu, tatizo sio fomu, tatizo ni mawakala. Mimi kontena langu lilikaa bandarini wiki tatu kwa herufi moja tu kwenye jina la mpokeaji. Herufi moja! Na ndani ilikuwa rangi ya nyumba, wala sio hayo mambo yenu. Nitarudi kumalizia, nina wageni.

Kijana wa Rampu: Mkuu, mimi ndiye yule anayekagua hizo karatasi kabla mzigo haujapokelewa, kwa hiyo nitakusaidia. Angalia haya. Kiasi cha mionzi kimeandikwa kwa bekereli, kipimo cha sasa? Vifaa vingi vya zamani vina kibao chenye milikyuri, kipimo cha zamani, watu wanakinakili hivyohivyo na mzigo unarudi. UN 3332 ni ya umbo maalumu, yaani chanzo kilichofungiwa kisivuje, kwa hiyo nataka kuona namba ya cheti cha hilo umbo, na cheti kiwe hakijaisha muda. Na kama ulikosea ukapaka wino mweupe, hapo umeshajimaliza. Unakata mstari, unasaini palepale kwa saini ileile ya chini ya fomu.

Mpima Udongo: Vyote vipo mkuu. Siziamu-137 gigabekereli 0.3, amerisiamu-241 na beriliamu gigabekereli 1.5. Cheti kiko hai. Nilinakili kutoka tamko la safari ya nyuma, lile lilipita bila neno.

Kijana wa Rampu: Na ile 0.3 ya fahirisi nayo umenakili?

Mpima Udongo: Chanzo ni kilekile, boksi ni lilelile. Siziamu inachukua miaka 30 kupungua nusu. Ikibadilika itakuwa imeshuka, haiwezi kupanda.

Njia ya Panya: Mnamchosha mwenzenu. Andika UN 2911, kifurushi kilichosamehewa, chombo chenye mionzi kidogo. Hapo hata tamko hudaiwi. Karibu.

Kijana wa Rampu: Njia ya Panya utamfunga mtu. Kilichosamehewa, juu ya uso wa boksi kisizidi milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 0.005 kwa saa. Kifaa cha udongo hakiwezi kukaa humo hata kikiwa kizima. Na wewe mwenye uzi, fahirisi hainakiliwi, inapimwa. Unazunguka boksi na kipimo ukiwa mita moja, pande zote, juu na chini, unachukua namba kubwa kuliko zote kwa milisiveti kwa saa, unazidisha kwa 100, unapandisha juu hadi desimali moja. 0.3 yako ni ya siku ile.

Mzee wa Hekima: Vijana, msicheze na kitu msichokiona. Mwaka 1987, Goiânia, Brazil, watu waliiba mashine ya tiba kwenye kliniki iliyohamwa, wakaipasua. Unga wa siziamu uling'aa usiku, wakaugawana kama zawadi. Wanne walikufa, mmoja mtoto wa miaka 6. Kijana, omba sana.

Nanga Nzito: Mzee, jamaa kauliza fomu.

Shangazi wa Eksirei: Mimi nina swali moja. Kinaenda kwa fundi. Kinaumwa nini?

Mpima Udongo: Hitilafu ndogo tu ya kimakanika, Shangazi. Haihusiani na karatasi.

Shangazi wa Eksirei: Ipi?

Mpima Udongo: Jamani, mimi nimeuliza fomu.

Shangazi wa Eksirei: Mwanangu, ipi?

Mpima Udongo: Sawa. Kile kizuizi cha tungsteni cha chini, kinachotakiwa kuteleza na kuziba tundu fimbo yenye chanzo ikipanda, hakirudi. Kinabaki wazi. Ila msinielewe vibaya: fimbo iko juu, nimepiga kufuli, na ndani ya boksi nimetandika bamba la risasi upande wa chini. Nafasi ya ndege nimeshailipia na fundi ananisubiri. Kwani si ndiyo maana kinaenda kutengenezwa?

Kijana wa Rampu: Uzi mzima tunajadili desimali kumbe mlango uko wazi 😳

Shangazi wa Eksirei: Hapo ndipo karatasi yako inaposema uongo, na saini ni yako. Boksi la Aina A lilijaribiwa kwa kuangushwa mita 1.2, kwa kubebeshwa uzito, kwa nondo ya kilo 6 kudondoshwa juu yake, likiwa na kifaa kilichofungwa kama mtengenezaji alivyoagiza. Bamba lako la risasi halikuwepo siku hiyo. Wala kizuizi kilichokwama.

Mpima Udongo: Lakini bamba linapunguza mionzi, sio kuongeza. Nimelifunga vizuri kwa mkanda.

Njia ya Panya: Hata Australia kifaa chao cha mionzi walikifunga kwa bolti. Januari 2023 bolti ikalegea barabarani, kidonge cha siziamu cha milimita 6 kwa 8 kikadondoka. Wakakitafuta kwenye barabara ya kilomita 1,400, wakakipata kando ya lami Februari mosi. Wewe una mkanda.

Chachandu: Wakuu, hii ni chai. Akaunti ina siku mbili. Kila akibanwa anatoa kipande kimoja, kama swali la mtihani wa kozi ya usafirishaji: (a) fahirisi, (b) kizuizi, (c) bamba la risasi. Halafu mwenye leseni ana afisa wa kinga ya mionzi. Yeye anauliza huku kwetu tunakobishania mpira?

Nanga Nzito: Au kakiokota.

Mpima Udongo: Sijakiokota na sio chai! Leseni ipo. Afisa wetu alistaafu, mpya hajapatikana, bosi akaniambia "wewe si ulisoma kidogo, jaza". Mlitaka nianze na hilo?

Shangazi wa Eksirei: Ndiyo.

Chachandu: Kama kipo kweli, weka kipimo mita moja chini ya boksi, sio ubavuni. Tupe namba. Usikae hapo ukipiga picha.

*(saa tatu baadaye)*

Mpima Udongo: Nimeinua boksi juu ya vyuma viwili. Mita moja chini: milisiveti 0.021 kwa saa. Kwenye uso wa chini wa boksi: 0.76. Mita moja ubavuni ni 0.003 kama zamani, ndiyo maana niliona kawaida.

Kijana wa Rampu: Basi fahirisi ni 2.1, mara saba ya uliyoandika. Hiyo sio Njano II, ni Njano III. Hata kwa namba ya usoni, Njano II inaishia 0.5.

Chachandu: Namba hata mimi natunga.

Kijana wa Rampu: Tunga zinazowiana hivyo, tuone. Chanzo kikiwa kama sentimita 20 ndani, 0.76 usoni inakupa 0.021 mita moja nje. Nimepiga hesabu.

Mpima Udongo: Kwa hiyo nibadilishe lebo tu, niandike 2.1, Ijumaa kiende?

Shangazi wa Eksirei: Hapana! Toa bamba, rudisha boksi stoo, funga, weka alama. Halafu nisikilize. Kwenye vifaa vya namna hiyo, kizuizi kikikwama, mtu wa kwanza kumshuku ni udongo. Unaingia na fimbo, unaganda tunduni, springi inashindwa kusukuma. Kitabu cha kifaa kina sehemu nzima ya kusafisha hapo. Sio wewe utakayesafisha: ni mtu aliyefunzwa na anayeruhusiwa na leseni yenu, kipima dozi kikiwa kifuani. Mpigie huyo mstaafu.

Mpima Udongo: Yaani nimelipia ndege kusafirisha tope?

Nanga Nzito: 😂😂😂 Lenye tamko, nakala mbili.

Mpima Udongo: Nimempigia mzee. Kanitukana kwanza, kisha kasema anakuja kesho asubuhi na nisiguse chochote. Ndege nimeahirisha, wakala anakata nusu ya hela.

Chachandu: Lete picha ya hilo tope likitoka. Bila picha, ni chai.

Mama Kontena: Nimerudi. Basi ile herufi ilikuwa "h"...