Orodha ya vitabu bora vya mwaka: mnaitengenezaje isiwe ya kukurupuka?

mla_kurasa

Habari za humu wakuu. Kila Desemba watu humwaga orodha zao za vitabu bora vya mwaka, na ukizikagua unakuta vingi vimesomwa Oktoba kuja juu. Vya Februari vimeshasahaulika, hata kama vilikuwa moto. Mwaka huu nataka utaratibu unaoeleweka tangu Januari.

Nasoma zaidi riwaya za Kiswahili, za zamani na mpya, na tafsiri mojamoja. Naomba msaada hapa: mkimaliza kitabu mnaandika nini, na mnaandika lini? Kitabu cha 1979 kilichosomwa mwaka huu kinaruhusiwa kwenye orodha? Na mnalinganishaje kitabu chembamba kigumu kama *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi na riwaya nene inayosomeka kwa siku mbili? Naomba kuwasilisha.

kaunta_buku

Mleta mada, achana na programu za simu kwanza. Nunua kaunta buku, kila kitabu kipate ukurasa mmoja. Juu andika jina, mwandishi, mwaka wa chapa ya kwanza, mwaka wa nakala uliyoshika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ukurasa uliobaki ugawe mara tatu.

Fungu la kwanza linajazwa wakati unasoma: namba ya ukurasa na maneno matatu au manne basi. "Uk. 47, ugomvi wa kodi." Usiandike muhtasari, muhtasari uko jalada la nyuma. Na usisimame kila aya kuandika, maana ukifanya hivyo unasoma daftari, husomi kitabu.

Fungu la pili unajaza siku uliyomaliza. Sentensi mbili: nini kimekaa sawa, nini kimepwaya.

Fungu la tatu liache wazi wiki sita. Hapa ndipo penye kazi. Wiki ya sita, bila kufungua kitabu, andika unachokumbuka: wahusika kwa majina, tukio moja, namna mtu fulani alivyokuwa anaongea. Kisha ndiyo utoe alama. Alama za siku ya kumaliza hubebwa na mwisho wa hadithi. Riwaya yenye mwisho wa kushtua itapata tisa usiku ule, halafu baada ya wiki sita humkumbuki hata mhusika wa pili.

Chukua *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972). Kisa chenyewe kidogo: mzee tajiri Mwinyi, kijana mjanja Idi, na Bahati katikati yao. Ukisimulia kwa sentensi tatu kimekwisha, na mtu anayehukumu kwa kisa ataipa sita. Wiki ya sita utaona kilichobaki kichwani si kisa, ni jinsi hila inavyopangwa polepole mbele ya macho yako, na wewe msomaji unajua kabla Bahati hajajua. Hiyo inapanda. Zipo nyingine nyingi zinazoshuka.

Kwa hesabu hiyo, kitabu kilichomalizwa baada ya Novemba 19 kihesabu cha mwaka unaofuata, kwa sababu wiki zake sita hazitimii kabla ya Desemba 31. Watu hawapendi kanuni hii lakini ndiyo inayoua ule upendeleo wa Oktoba kuja juu unaoulalamikia.

chapa_ya_kwanza

Naunga mkono ya mkuu hapo juu, ila kwenye suala la mwaka kuna mitego.

Tengeneza orodha mbili: "nilivyosoma mwaka huu" na "vilivyotoka mwaka huu". Ukizichanganya, vipya vitaonewa, kwa sababu unavipambanisha na vitabu vilivyokwisha kuchujwa na miaka arobaini. Mwaka utaupata ukurasa wa haki za uchapishaji, nyuma ya ukurasa wa jina. Soma vizuri: chapa mpya ni kitabu kilekile kimerudiwa, toleo jipya mara nyingi limeguswa. Ukiona "toleo la pili", andika hivyo daftarini.

Hata mwaka wa chapa ya kwanza haukuambii kila kitu. *Kufikirika* ya Shaaban Robert imetoka 1967, na mwenyewe alifariki 1962. Anayeisoma kama riwaya ya Tanzania ya Azimio la Arusha kwa kuwa ukurasani pameandikwa 1967 ameshapotea njia.

Tafsiri ndiyo huleta ubishi zaidi. *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiingereza ni ya 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis imetoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Mimi naihesabu 2022, kwa sababu kinachopewa alama ni nathari ya Kiswahili iliyo mbele yako. Na ipime hivyo. Chagua kurasa tatu: moja ya maelezo, moja ya mazungumzo ya watu wazima, moja ya Yusuf mwenyewe, yule mtoto aliyechukuliwa kwa ajili ya deni la baba yake. Zisome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, weka alama ya penseli. Kisha angalia kama mfanyabiashara, mchukuzi na mtoto wanaongea tofauti. Tafsiri mbovu huwapa wote mdomo mmoja.

La mwisho, kwa wanaonunua vitabu vilivyokwisha tumika: vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na kosa la kiwandani huenda na fungu zima, ama limerudiwa ama halipo. Kabla ya kulipa funua haraka ukiangalia namba za kurasa tu. Nakala za kurudufiwa ndizo mbaya zaidi, hukosa ukurasa mmojammoja huku na kule. Halafu mtu anaandika "sura ya tisa inaruka" kumbe ni nakala yake. Na kwa kuwa chapa hubadili namba za kurasa, andika na sura.

penseli_laini

Alama za kumi kwa kumi sizitaki. Saba ya Machi si saba ya Septemba, mkono hubadilika. Panga vitabu viwiliviwili ujiulize: vikipotea vyote leo, kipi utanunua tena kwa hela yako? Kilichoshinda kipambane na kinachofuata. Vitabu ishirini unamaliza kuvipanga jioni moja.

Kuhusu *Nagona*: usiilinganishe na chochote peke yake. Kezilahabi ameitoa 1990, *Mzingile* ikafuata 1991, na zinashikana. Zipe nafasi moja kwenye orodha. Ni nyembamba, basi isome *Nagona* mara moja mfululizo bila kusimama hata usipoelewa, kisha irudie na penseli, halafu ndipo *Mzingile*. Kinachowakwamisha wengi ni kutafuta kisa cha moja kwa moja kama cha *Rosa Mistika*, riwaya yake ya awali. Hakipo. Fuata yanayojirudia, hayo ndiyo yanakushika mkono.

mla_kurasa

Nimewasoma wakuu, shukrani. Wiki sita naichukua, na viwiliviwili pia. Nina nne za Adam Shafi hazijafunguliwa: *Kasri ya Mwinyi Fuad*, *Kuli*, *Vuta N'kuvute*, *Haini*. Nianze na ipi? Na zote nne zikiwa nzuri, ziingie zote?

bandari_kuu

Kwanza usishangae, majalada ya zamani yanaandika Shafi Adam Shafi na mapya Adam Shafi. Ni mtu mmoja, usimpangie mahali pawili kwenye rafu.

Kuna njia mbili. Ya uchapishaji ni *Kasri* (1978), *Kuli* (1979), *Vuta N'kuvute* (1999), *Haini* (2003). Ya matukio ni tofauti: *Kuli* inakwenda kwenye mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948, *Vuta N'kuvute* iko kwenye siasa za kupinga ukoloni, *Kasri* inafika Mapinduzi ya 1964, na *Haini* inatokana na kamatakamata baada ya Karume kuuawa 1972.

Wengi hushauri ya matukio, eti unapata historia kwa mpangilio. Mimi nakataa. Ukienda hivyo, *Kasri* inakuja baada ya *Vuta N'kuvute*, na inaonewa. *Kasri* ni riwaya ya kwanza: bwana shamba ni mbaya moja kwa moja, mtumishi wake Kijakazi anateswa moja kwa moja, mwandishi hafichi yuko upande gani. Ukiisoma ya kwanza utaikubali ilivyo. Ukiisoma baada ya Yasmin na Denge wa *Vuta N'kuvute* utaiona nyepesi.

Kwenye *Kuli* angalia jinsi kazi yenyewe inavyoandikwa. Rashidi, mhusika mkuu, haelimiki kwa hotuba tu. Mzigo, ujira na msimamizi vimeshamfundisha kabla hajafika mwenye maneno. Kwenye *Vuta N'kuvute* mambo yamegeuka: siasa inaingia kwa mlango wa nyumbani, kwa Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa, naye akatoroka. Miaka ishirini ya mwandishi kukomaa unaiona hapo, na ndiyo sababu nasema ufuate uchapishaji. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 iache mpaka wiki zako sita ziishe, la sivyo utakumbuka sura za waigizaji ukidhani ni za kitabu.

Usizisome nne mfululizo. Katikati weka kitu cha mkono mwingine, mfano riwaya za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, anza na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960). Upelelezi unasafisha ulimi.

Orodhani weka moja tu kwa kila mwandishi, zingine ziandike pembeni. Hapo utalazimika kuchagua. Wengi watakuambia *Vuta N'kuvute*. Mimi ningeshika *Kuli*, nikijua nitabishiwa.

penseli_laini

Unabishiwa tayari. *Haini* ndiyo anayoitupa kila mtu kwa kuwa ni ya jela na inachosha, na imekusudia kuchosha.