Flamingo wa Nakuru wanatoka na ukungu: ninunue lenzi kubwa au nakosea?

Binti_wa_Lanet: Hamjambo nyote. Nina Canon 2000D na lenzi ya 55-250 (mm) yenye IS, yaani kitulizi cha mtikisiko. Nikiingia mbugani Ziwa Nakuru, flamingo walio mbali wanatoka na ukungu, hata waliosimama tu. Natumia Av (mimi nachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), tundu f/5.6, ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), napigia kwenye van kati ya saa nne na saa nane mchana. Nimeanza kuweka pesa za lenzi ndefu ya 150-600. Ninunue?

Fundi_Lenzi: Ngoja kwanza, dada. Ukungu una sababu nyingi na kila moja ina alama yake. Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100. Ikiwa kila kitu kimevutika upande mmoja, mawe na nyasi pia, hapo ni mkono au gari. Ikiwa nyasi za mbele ni kali na ndege amefifia, fokasi imeshika pasipofaa. Sasa angalia mguu wa flamingo. Unafaa kuwa mstari mnyoofu. Ukiuona umepindapinda kama uzi uliolowa, na kwenye picha inayofuata umepinda kivingine, hiyo ni hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Hewa moto na hewa baridi hupindisha mwanga tofauti, na kadiri ndege alivyo mbali ndivyo unavyopiga kupitia hewa nyingi zaidi. Lenzi ya 600 itamkuza ndege pamoja na mtikisiko huo.

Dunga_Machweo: Namuunga mkono Fundi. Jua likiwaka, f/5.6 na ISO 200 hukupa shata (muda kamera inapofunguka kupokea mwanga) ya karibu 1/1600 ya sekunde, na hiyo inamtosha kabisa ndege aliyesimama. Kwa hivyo mchana shata haina lawama. Shida itakuja ukihamia asubuhi, na lazima uhamie, kabla ardhi haijapata moto. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili, na huku karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hivyo ikifika saa tatu mwanga mzuri umekwisha. Mwanga wa alfajiri ukiwa na ISO 200, shata itaanguka vibaya sana. Lenzi ya 250 kwenye kihisi cha kamera yako ni sawa na 400 (zidisha kwa 1.6), kwa hivyo usishuke chini ya 1/400. Hamia Tv, ambapo wewe ndiye unachagua shata: 1/800 kwa waliosimama, 1/2000 kwa wanaoruka, ISO iwe otomatiki. Usiogope ISO 1600. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husafishika, picha iliyotikisika haisafishiki. IS hutuliza mkono wako tu, haimtulizi ndege.

Tumia pointi ya fokasi ya katikati pekee. Kati ya zile 9 za kamera yako, hiyo ndiyo hushika vizuri zaidi. One Shot (fokasi hushika mara moja na kubaki) kwa aliyesimama, AI Servo (fokasi humfuata ndege) kwa anayeruka.

Binti_wa_Lanet: Nimekuza. Miguu imepindapinda, na kila picha kivyake! Tripodi itasaidia?

Fundi_Lenzi: Kwa hewa, hapana. Na ndani ya van haina pa kusimama. Shona mfuko wa kitambaa cha jinzi, mguu wa suruali kuukuu unatosha, utie maharagwe kama kilo 2. Usiujaze pomoni, acha robo wazi ili lenzi izame na kushikwa pande zote. Uweke juu ya mlango, kioo kikiwa kimeshushwa chote, maana kupiga kupitia kioo huharibu ukali. Mwombe dereva azime injini, na usipige juu ya boneti: nayo hutoa hewa moto yake.

Section58: Nyongeza fupi. Ndege mwari mweupe kwenye maji meusi huungua, yaani hutoka mweupe mno, punguza mwanga kwenye kirekebishi cha mwanga cha kamera kwa -2/3 hadi -1. Flamingo mbele ya maji yanayometa, ongeza +2/3. Na vumbi la ufukweni pale lina magadi. Pulizia lenzi kwanza kwa kipulizio cha mpira ndipo uifute, la sivyo utaikwaruza.

Binti_wa_Lanet: Asanteni sana. Kwa hiyo 150-600 niisahau?

Dunga_Machweo: Iahirishe. Nenda asubuhi mbili tatu, simama pale ndege walipo karibu na barabara. Wakikosekana, huenda wako Ziwa Bogoria, tangu maji ya Nakuru yapande wanahamahama sana. Ukipata miguu iliyonyooka na ndege bado ni mdogo kwenye fremu, hapo ndipo lenzi ndefu ina kazi.