Washiriki 53 hawakufika wiki ya 24: tufanyeje na data zilizokosekana?

Mchambuzi_Chamwino
Wakuu, naombeni msaada kabla hatujafunga data. Jaribio la dawa ya presha, makundi mawili, watu 120 kila kundi, vipimo mwanzo, wiki ya 4, ya 12 na ya 24. Matokeo makuu ni namba ya juu ya presha wiki ya 24. Kundi la dawa wamekosekana 34, kundi la ulinganisho 19. Kwa wengi wiki ya 24 iliangukia Januari, na mnajua Dodoma mvua zikishaanza watu wako shambani, korongo likijaa hata bodaboda haivuki. Msimamizi anataka tubebe kipimo cha mwisho cha kila mtu tukiweke wiki ya 24, anasema ndiyo njia ya tahadhari. Mwingine anasema tuwatoe, tuchambue 187 waliobaki. Nifuate lipi?

Bibi_Takwimu
Hakuna hata moja. Kwanza hiyo 34 kwa 19: mvua hainyeshei kundi moja. Ingekuwa kilimo peke yake, makundi yangekaribiana. Pengo la asilimia 28 kwa 16 ni kubwa kuliko bahati inavyozoea kuleta, kwa hiyo shuku dawa yenyewe: kizunguzungu, miguu kuvimba, kikohozi.

Rudi kwenye fomu. Zile zilizoandikwa "hakufika" na basi, mpe mhudumu wa afya wa kijiji orodha apige simu au apite nyumbani, mradi fomu ya ridhaa inaruhusu kufuatilia. Tenganisha aliyeacha dawa na aliyeacha utafiti. Aliyeacha vidonge bado anapimwa presha; vituo vingi hukosea hapo, mtu akisema "sinywi tena" wanamfutia mahudhurio yote.

Sababu ndizo zinazokuambia uko wapi katika yale mafungu matatu ya data kukosekana ya mtakwimu Donald Rubin, ya mwaka 1976. Mashine ya kupimia iliharibika siku hiyo: kukosekana hakuhusiani na presha ya mtu. Wazee na wa vijiji vya mbali hawakufika, nawe umri na umbali unavyo: data ulizonazo zinaeleza. Ameacha kuja kwa sababu presha imepanda baada ya wiki ya 12 na anajisikia vibaya: hapo sababu imo ndani ya namba usiyoiona, na hakuna kipimo cha takwimu kitakachokuthibitishia.

Kuhusu kubeba kipimo cha mwisho, chukua mtu aliyeanza na 164, wiki ya 4 akawa 146, akapata kizunguzungu akaacha vidonge. Ukiweka 146 wiki ya 24 umeipa dawa sifa ya kushusha presha milimita 18 (za zebaki) kwa mtu ambaye hajaimeza karibu miezi mitano. Halafu programu inaihesabu 146 kama imepimwa kweli, kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa jibu) linapungua bila haki. Tahadhari iko wapi?

Kisima_cha_R
Naongezea upande wa hesabu.

Uchambuzi mkuu: modeli mseto ya vipimo vya kurudia (inayotumia vipimo vyote vya mtu mmoja kwa pamoja), ndani yake kundi, wiki, kundi kwa wiki, na presha ya mwanzo, na kovariansi isiyofungwa umbo, yaani uhusiano kati ya vipimo vya wiki tofauti usiolazimishwa muundo wowote. Aliyepimwa wiki ya 4 na ya 12 anabaki ndani bila kujaziwa chochote.

Ukiwa na vitu vinavyoeleza utoro lakini havimo kwenye modeli (umbali wa kituo, vidonge vilivyobaki kwenye chupa, madhara), jazia mara nyingi kwa mice, kifurushi cha programu ya R: kila nafasi tupu inakadiriwa mara kadhaa, unapata seti kadhaa za data zilizokamilika. Waliokosa ni asilimia 22, kwa hiyo seti zisipungue 22. Weka 40, kompyuta haichoki. Jazia kila kundi peke yake, weka presha za wiki zote kwenye modeli ya kujazia, na andika namba ya mbegu (inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta) ili urudie ukapata kilekile.

Usichukue wastani wa seti 40 ukapata faili moja ukalichambua! Chambua kila seti, kisha unganisha majibu. Mfano wa kubuni: tofauti ya wastani ni −5.2, wastani wa variansi (kosa sanifu likizidishwa kwa lenyewe) ndani ya seti 2.25, variansi kati ya seti 0.64. Jumla ni 2.25 + (1 + 1/40) × 0.64 = 2.906, kosa sanifu 1.70. Ungesahau sehemu ya pili ungeripoti 1.50.

Mchambuzi_Chamwino
Asanteni sana. Ila hizi zote si zinadhani data tulizonazo zinaeleza utoro? Na wawili wamefariki, nao wajaziwe?

Bibi_Takwimu
Marehemu hajaziwi presha. Amueni kwenye mpango wa uchambuzi: ama kifo kihesabiwe kuwa matibabu yameshindwa, ama swali lihusu walio hai, mkiripoti vifo pembeni. Mwongozo wa kimataifa wa takwimu za majaribio ya dawa, ICH E9(R1) wa 2019, unadai hilo lisemwe wazi kabla ya kufungua siri ya makundi, yaani kabla ya kujua nani alipewa dawa.

Kisima_cha_R
Ndiyo, zinadhani hivyo. Ndiyo maana unalijaribu dhana hilo kwa kusukuma namba. Ongeza milimita 1, 2, 3 na kuendelea kwenye thamani zilizojaziwa za kundi la dawa tu, uone matokeo yanageuka wapi. Kwa kalamu: 34 kati ya 120 ni 0.283, kwa hiyo kila milimita inasogeza tofauti kwa 0.283. Katika mfano wangu ukomo wa juu wa kadirio la asilimia 95 (−5.2 + 1.96 × 1.70) ni karibu −1.9, gawa kwa 0.283 unapata takribani milimita 7. Sasa muulize daktari: watu walioacha vidonge wanaweza kuwa na presha ya milimita 7 juu ya ile modeli iliyowakadiria? Kwa dawa ya presha, mimi ningesema wanaweza kabisa.

Mchambuzi_Chamwino
Basi kabla ya hesabu nawafuata hao 34 kwanza. Na presha ya mwanzo imekosekana kwa watatu.

Kisima_cha_R
Hao watatu weka wastani wa wote bila kuangalia kundi, yatosha. Kwa kigezo cha mwanzo katika jaribio la bahati nasibu haina madhara. Kwa matokeo usithubutu.