Mlenda wa porini: mbegu nilizopanda hazioti, nifanyeje?

Mama wa Mtama
Ndugu zangu, naomba msaada kwa wanaoujua mlenda. Hapa Mtama, mkoani Lindi, tumezoea kuuchuma bure kwenye mashamba ya mihogo mvua zinapoanza, lakini siku hizi majirani wengi wanapalilia kwa dawa ya kuua magugu, na mboga yetu inakufa pamoja na magugu hayo. Kwa sababu hiyo nilikusanya mbegu nikaandaa tuta nyuma ya nyumba. Nilimwaga konzi nzima, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na miche iliyotoka haikufika ishirini. Isitoshe, michache ilitoa maua ya njano na mingine ya zambarau iliyopauka. Je, nilichanganya mbegu?

Kijana wa Masasi
Shikamoo Mama, na pole. Mbegu zako hazijafa, zimelala. Ganda la mbegu ya mlenda ni gumu na halipitishi maji kwa urahisi, na porini ugumu huo ni kinga, kwa kuwa zingeota zote kwa mvua ya kwanza, jua la kati ya Januari na Februari lingeweza kuimaliza miche yote kwa mara moja. Zifunge katika kitambaa chepesi, uchovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa muda wa kuhesabu hadi kumi tu, kisha uzipoze mara moja na kuzianika kivulini. Changanya na mchanga mkavu ili zisirundikane, uzifukie kwa udongo usiozidi sentimita moja.

Bibi Shamba, Newala
Kuhusu maua, ndiyo, umechanganya. Jina la mlenda tunalipa mimea kadhaa inayoteleza ikipikwa. Wenye maua ya zambarau ni jamaa ya ufuta, na ukiuweka karibu na ufuta wa shambani utaona ua linavyofanana. Wenye maua madogo ya njano uko katika ukoo mmoja na bamia, pamba na rozela. Ndio huohuo ambao Wamisri huuita molokhia na ambao Bangladesh huulima kwa ajili ya nyuzi za magunia. Usisubiri maua kuutambua: geuza jani, utazame pale linapoungana na kikonyo, utaona nyuzi mbili nyembamba zimechomoza kama masharubu. Yote miwili inalika, ila uitenge kwa ajili ya mbegu.

Mkulima wa Naliendele
Naongeza yanayohusu uvunaji, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopoteza mboga. Usiung'oe. Ukifika kimo cha goti, ukate ncha na kuacha shina la urefu wa shibiri moja, nao utachipua matawi ya pembeni utakayoyavuna tena na tena. Ukiona maua mengi, majani yataanza kuwa madogo na magumu, hivyo bakiza mashina machache ya mbegu, na uvune vitumba vikiwa vya kahawia kabla havijapasuka. Mbegu hizo ziwekwe mbali na ng'ombe na mbuzi, kwani zina sumu. Tuta lililokuwa na bamia au nyanya ulikwepe pia: minyoo fundo huishambulia mizizi ya mimea hii yote, na mche hudumaa hata ukiumwagilia kila siku. Jikoni, magadi yawe kidogo sana, maana yakizidi huharibu vitamini C, na mlenda una madini ya chuma na kalisi ambayo wajawazito na watoto wetu wanayahitaji.

Mama wa Mtama
Marahaba mwanangu wa Masasi, na asanteni nyote. Nilizichovya mbegu Jumamosi kama nilivyoelekezwa, nikazipanda kwenye tuta jipya, kwa kuwa lile la kwanza kweli lilikuwa na bamia. Leo ni siku ya tano na mistari imejaa miche mpaka itabidi nipunguze. Hiyo nitakayoing'oa ikikua kidogo nitaipika na karanga, tule na ugali wa muhogo. Yenye masharubu nimeanza kuitafuta, ila majani bado ni madogo mno.