Upinde wa mkole unapinda upande mmoja, nikwangue wapi?

Chamwino_Shabaha: Wakuu, nimechonga upinde wa mkole wa sm 150 kwa panga, tezo na tupa. Nikiuvuta, mkono wa chini, yaani nusu ya upinde iliyo chini ya mshiko, unajikunja kama goti, sm 20 kutoka mshikoni. Wa juu umekakamaa. Tumboni, yaani upande unaomtazama mvutaji, hapohapo kwenye goti, kuna vimistari vya kukingama, ukipitisha ukucha unavihisi. Mti ulianikwa juani siku 10.

Seremala_Mpwapwa: Mkuu, goti usiliguse kabisa, ndipo palipo dhaifu. Kwangua pasipopinda: mkono wa juu wote, na wa chini kuanzia baada ya goti kwenda nchani. Kwangua tumboni tu. Mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, ubaki kama ulivyokuwa chini ya gome. Ukikata nyuzi zake, upinde utavunjikia hapo.

Tezo weka kando, inakula sana. Tumia kipande cha chupa. Ukipunguza unene kwa sehemu moja tu ya kumi, ugumu unashuka zaidi ya robo! Kwa hiyo kwangua kidogo, vuta taratibu mara 20 au 30, ndipo uangalie. Egesha mshiko kwenye kigingi ukutani, vuta ugwe, yaani uzi wa upinde, kwa kamba ukiwa umesimama mbali. Ukiwa umeushika mkononi huoni mkunjo.

Kondoa_Miti: Hivyo vimistari ni nyuzi zilizobanwa mpaka zikasagika. Haviponi. Goti lilibeba kazi ya upinde mzima, na mti ulikuwa mbichi ndani. Siku 10 juani hukausha ganda tu, tena kwa upepo wetu wa Julai ncha hupasuka upesi. Siku ya kukata, paka ncha zote mbili gundi ya mbao au rangi, weka kivulini miezi 2 hadi 3. Pima kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, chonga.

Chamwino_Shabaha: Kwa hiyo huu niutupe?

Seremala_Mpwapwa: Hapana. Usawazishe, kisha uvute mwisho sm 50. Vimistari vikiongezeka, uache. Unaofuata kata sm 160: mvuto wa sm 65 unataka mara mbili yake, uongeze mshiko, na ncha hupotea kidogo kwa nyufa. Na ugwe usiufyatue bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mti.