Raba za kaboni za mtumba au mpya za kawaida kwa Kili Marathon?

Mkimbiaji_Kino: Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, nalipia Jumamosi. Karume nimeona Nike Vaporfly za mtumba, zile zenye bamba la kaboni, muuzaji ameshuka mpaka laki na nusu. Kwa hela hiyohiyo kuna duka Kariakoo lina raba mpya za kawaida, soli nene, hazina kaboni. Nataka kupunguza muda wangu. Nichukue zipi?

MamaPili: Kupunguza kutoka ngapi kwenda ngapi, kaka? Unakimbia umbali gani? Uzito wako je? Kwa wiki unapiga kilomita ngapi? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Kasi_Mbezi: Kaboni, usiulize mara mbili. Marathoni ya Berlin 2023, kilomita 42, Tigst Assefa alikimbia 2:11:53 na Adidas ya gramu 138, akaipunguza rekodi ya dunia ya wanawake kwa zaidi ya dakika mbili. Wiki mbili baadaye marehemu Kiptum akapiga 2:00:35 Chicago. Wote walivaa kaboni.

Mzee_wa_Coco: Kijana, hao walivaa mpya. Ya mtumba hujui imeshakula kilomita ngapi. Zangu nilizinunua kwa muuzaji mmoja hapa mjini, juu zinang'aa, kumbe sponji imeshakufa. Ilikuwa na mikunjo midogo midogo pale kisiginoni, ukibonyeza kwa kidole gumba hairudi. Siku ya mazoezi marefu, nafika Daraja la Tanzanite jua limeshapanda, gundi ikaachia mbele, soli ikawa inapiga lami pa! pa! pa! Nikamalizia kwa miguu mpaka Coco Beach, raba mkononi. Na kabla ya hapo kisigino kilikuwa kinalalia ndani, goti likanisumbua mwezi wote wa Ramadhani. Nilipomrudia muuzaji akasema mali ikishatoka hairudi. Roho iliniuma sana.

Mkimbiaji_Kino: Pole sana mzee wangu. Ni kilomita 21, Moshi. Nataka kuingia chini ya saa mbili.

MamaPili: Uzito hujasema. Na kilomita za wiki pia.

Fundi_Viungo: Chini ya saa mbili ni kama dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Kiptum kwa wastani alikuwa chini ya 2:52 kwa kilomita. Bamba lile linalipa zaidi ukiwa na kasi kwenye tambarare, na wewe una mlima wa Mweka mbele yako. Nunua mpya, hela inayobaki weka kwenye nauli.

Kasi_Mbezi: Hela ipi inayobaki wakati bei ni ileile? Mpeni kijana kaboni!

Lami_Moto: Mimi naona rekodi za sasa ni za kiwanda. Abebe Bikila alishinda Roma 1960 pekupeku, 2:15:16.

MamaPili: Hapana. World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, tangu 2020 imeweka kikomo, soli milimita 40 na bamba moja. Hata 1:59:40 ya Kipchoge kule Vienna 2019 haikuingia kwenye rekodi kwa sababu wavuta kasi walikuwa wanapokezana na hayakuwa mashindano ya wazi. Na wakivaa wote, kinachoamua ni miguu. Simbu wetu kwenye mashindano ya dunia Tokyo 2025 alimpita Mjerumani Petros kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa 2:09:48. Nililia mbele ya TV.

Lami_Moto: Hapo nakubali dada. Ila Simbu apelekwe Berlin sasa, akaifukuzie rekodi ya taifa ya Geay, 2:03:00 ya Valencia 2022.

Mzee_wa_Coco: Ya nini? Dhahabu ya dunia inatosha. Ikangaa alishinda New York 1989 kwa 2:08:01, na Boston akawa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988 akizidiwa sekunde moja na Ibrahim Hussein. Huyo ndiye mwanaume.

Kasi_Mbezi: Boston hata ungeshinda, muda wake haukubaliki kuwa rekodi ya dunia. Njia inateremka mno na mwisho uko mbali na mwanzo.

Mzee_wa_Coco: Nani kazungumzia muda? Mimi naongelea kushindana na watu.