Vita ya kwanza ya dunia ilifikaje kwetu, na Kariakoo inahusikaje?

Mdadisi: Wakuu heshima kwenu. Jana nilikuwa Kariakoo nafuata mzigo, mzee mmoja wa kahawa akaniambia hilo jina limetokana na vita ya kwanza ya dunia. Ninachojua mimi mrithi wa ufalme wa Austria alipigwa risasi Sarajevo Juni 1914, sasa ugomvi wa Ulaya umefikaje Dar? Wajuzi shusheni nondo.

Bwana Shamba: Mzee hajakudanganya. Huku alikuwa Mjerumani, Kenya Mwingereza, wenye nyumba wakigombana wapangaji watalala wapi? Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti, tarehe 8 tu manowari yao ishatandika mnara wa simu ya upepo hapa Dar. Gavana wa Mjerumani, Schnee, hakutaka vita kabisa ila kamanda wake Lettow-Vorbeck akili yake ilikuwa moja, awasumbue Waingereza huku ili askari wao wengi wasiende Ulaya, ndo akawa anapiga anakimbia miaka minne. Tanga Novemba 1914 jeshi la Mwingereza kutoka India lilitimuliwa kwa risasi na nyuki juu, sio utani. Baadae akavuka Ruvuma akaingia kwa Mreno, Msumbiji ya leo, kuja kusalimu amri ni Abercorn, Mbala ya Zambia leo, 25 Novemba 1918, wakati Ulaya wameshaacha wiki mbili nyuma.

Mama Kijacho: Wapangaji?? Mkuu sisi ndo wenye nyumba, wale walivamia. Halafu Kariakoo hujajibu. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, Mwingereza alipoichukua Dar Septemba 1916 wakaweka kambi yao pale, na Nairobi wana ya kwao. Barabara hakuna, farasi na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo risasi, unga, mahema, vyote kichwani kwa mtu, na wengi walikamatwa tu kijijini hawakuomba kazi. Upande wa Mwingereza peke yake wanakadiria wapagazi waliokufa ni zaidi ya 90,000, na wengi sio kwa risasi, ni kuhara damu, malaria na njaa, mtu kazoea ndizi anapewa unga wa mahindi na muda wa kuupika uive hana.

Mgogo OG: Na nyumbani je? Kwetu Ugogo majeshi yote mawili yalipita yakabeba ng'ombe, nafaka na vijana, mvua nayo ikagoma, ikaja njaa wazee wanaiita Mtunya. Watu hawajapumua homa ya mafua ya 1918 nayo hiyo.

Mdadisi: Daah. Sasa mbona ile sanamu ya Posta ni askari na bunduki yake, mpagazi yuko wapi?

Mama Kijacho: Ya 1927 ile. Katajwa kwenye maandishi ya chini, eti walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi angalau wamemchonga.